Mashine ya Barafu Inataka Kiyoyozi

"Baba, barafu bado inafikiria."

Hayo ni maneno ya mtoto wangu wa kumzaa. Kayasema leo saa nane mchana, sebuleni, mbele ya wageni waliokuja kutoka Mbagala kwa kuunganisha magari. Wageni wamekaa kwenye kochi wanajipepea na kadi za michango ya harusi, maana kadi za michango ndani kwangu hazikosekani. Juisi ya ukwaju iko mezani na vuguvugu lake la maji ya kuogeshea kichanga. Na mimi mwenye nyumba, mwenye mashine yangu binafsi ya barafu, nimeinama jikoni nachungulia kidirisha, naibembeleza kimoyomoyo: dondosha basi mama, dondosha hata viwili, usiniaibishe.

Ikadondosha. Vipande vyembamba, vimetoboka katikati, ukivishika vinakuachia unyevu vidoleni na kwenda zao. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Watoto, muwekee mkubwa wao." Mkubwa nani sasa? Wote wana mvi!

Na hii ni Februari ya Dar es Salaam. Siwaelezi. Anayelala chini ya feni yenye kupuliza moto anajua nasema nini.

Mashine yenyewe sikuinunua, nisionekane mfujaji. Kaituma shemeji yangu aliyeko Maskati, kwenye kontena moja na mablanketi mazito ambayo mpaka leo hatujui alitaka tuyafanyie nini. Ilipofika tuliizunguka ukoo mzima. Ndogo, nyeusi, inang'aa, vitufe vinalia ti-ti-ti. Boksi limeandikwa kilo 12 kwa saa 24, vipande tisa kila dakika sita. Vipande tisa! Nikapiga hesabu palepale: tisini kwa saa. Nikaona tayari najaza majagi, najaza ndoo, mtaa mzima unanisalimia kwa heshima mpya.

Sasa nikatoa hotuba. Jirani yetu wa ukuta wa pili ana friza la zamani, limeshika kutu miguuni, na kibao cha boksi mlangoni: BARAFU IPO. Miaka yote nyumba hii imekula barafu ya yule mama, ile ya kwenye kifuko, ukiipigiza kwenye kizingiti ndipo inaachia. Basi nikasimama mlangoni, mkono kiunoni, nikasema kwa sauti: kuanzia leo sitaki kumwona mtoto wa nyumba hii kwa watu na bakuli mkononi. Ukuta wetu ni wa tofali moja. Yule mama alikohoa.

Kile kikohozi nakisikia mpaka leo.

Mashine ikatoa vipande tisa vya kwanza baada ya muda wa mtu kupika maharage. Tukasema aah, ni mgeni, haijazoea. Na kweli kitabu chake kinasema mikupuo ya mwanzo huwa midogo mpaka chuma kipoe. Tukasubiri kipoe. Nikaweka kigoda mbele yake nikaisoma tabia, na sasa mambo yake yote nayajua. Ndani ina vidole vya chuma vimening'inia. Inavuta maji na pampu, inayajaza kwenye kibeseni, vidole vinazama humo, barafu inajijenga kuvizunguka. Ikishiba, kibeseni kinageuka, vidole vinatiwa joto kidogo, barafu inaachia, na kijikoleo kinaisukumia kwenye kikapu. Ndiyo maana vipande vina tundu. Ufundi mzuri sana, siukatai.

Lakini sikilizeni hili, maana hapa ndipo nilipokaa chini. Kikapu hakina ubaridi! Ni kikapu tu. Barafu ikishaangukia pale, imeachiwa mazingira, na mazingira ni jiko langu la bati lenye sufuria ya maharage pembeni. Inayeyuka, maji yanachuruzika kurudi kwenye tangi la chini, pampu inayavuta tena, inayagandisha tena. Kwa hiyo usiku na mchana mashine inaunguruma, inakula uniti zangu, inatengeneza barafu ileile. Nimewahi kuwa na kazi ya namna hiyo ofisini, lakini mimi nilikuwa nalipwa.

Nikampigia shemeji. Akacheka. "Mbona yetu huku inatoa mpaka tunamwaga?" Nikamwambia hebu washa video nikuone ulipo. Akawasha. Jamani. Yuko sebuleni kwake, kavaa sweta. Sweta, Maskati! Kiyoyozi kinapuliza nyuma ya kichwa chake na kingine kinasikika chumba cha pili. Nikarudi kwenye kile kitabu, nikapita Kichina, nikapita Kiarabu, nikakuta maandishi ya sisimizi chini kabisa: kilo 12 zile zimepimwa chumba kikiwa nyuzijoto 25, na ukitaka barafu ya haraka tumia maji ya baridi.

Naomba mnisaidie kuelewa. Mashine ya kuleta baridi inataka ikute baridi. Inataka chumba cha baridi na maji ya baridi. Sasa mtu mwenye chumba cha baridi na maji ya baridi, barafu ya nini? Anaisherehekea nini? Maji yangu mimi yanatoka kwenye simtanki juu ya paa, limekaa juani tangu alfajiri. Saa nane mchana ukifungua bomba unaweza kunyolea ndevu.

Ushauri ukaanza kumiminika. Dada yangu akasema iwekeni mbali na ukuta, inahema kwa ubavuni. Tukaisogeza, ikaongeza kelele. Binamu akasema maji ya kisima yana chumvi, inaganda kwenye vidole. Tukaichemshia siki na maji, tukaizungusha, nyumba ikanuka kachumbari mpaka Jumapili. Kijana wa juu akasema kuna kijicho kinachotazama kama kikapu kimejaa, kikichafuka kinadanganyika na kuzima kazi. Nikakifuta kwa kanga ya mke wangu. Nikagombezwa kwa sababu ya kanga.

Basi akaitwa fundi.

Fundi alikuja jioni, akiwa na salfeti begani na usingizi usoni. Fundi wa friji, viyoyozi, redio, simu, na ukimuuliza vizuri, wa kuchimba visima. Hakukaa. Hakuuliza. Aliweka sikio kwenye mashine, akafumba macho, watoto wakanyamaza.

"Mzee, hii gesi hamna."

"Fundi, hata hujaifungua."

"Nimeisikia."

Nikamwambia kwa upole, maana fundi ukimkasirisha anakuachia skrubu zinabaki, kwamba kama gesi hamna isingetoa barafu kabisa, na hii inatoa, ila inatoa kwa mapozi. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, gesi ina namna yake ya kuisha." Halafu akafungua salfeti, akapekua, akapekua, akanyoosha mkono kwangu: "Una bisibisi?"

Daktari akikuomba sindano yake ukanunue nje, angalau ana dawa. Nikatoa bisibisi. Akaomba na plaizi. Nikatoa plaizi. Akaomba stuli. Kufika hapo vyote vya kazi ni vyangu, cha kwake ni mtungi tu wa gesi na imani.

Majirani wakaanza kuingia. Kwetu fundi akifungua kitu hatupigiani simu, tunafika. Akaja kijana wa juu, akaja muuza mkaa, akaja na yule mama wa friza la kutu, kasimama mlangoni na kanga yake kifuani, hasemi. Angesema ningejua pa kumjibia. Hasemi!

Kifuniko kikatoka. Fundi akaonyesha bomba jembamba la shaba. "Tunatoboa hapa, tunaunga kidude, tunajaza gesi, tunaziba. Nipatieni kiberiti niwashe taa ya kuchomea."

Mke wangu alikuwa ameshanyoosha mkono na kiberiti ndipo sauti ikatoka nyuma: "Simama hapohapo, kijana."

Mwalimu. Mwalimu mstaafu wa fizikia, amefundisha nusu ya mtaa huu na amechapa nusu iliyobaki. Wote tukaitika shikamoo kwa mkupuo, na fundi naye akajikuta ameamkia. Mwalimu akapenya, akavaa miwani, akageuza mashine mgongo, akasoma kibandiko herufi moja moja. "R600a. Kijana, mtungi wako umeandikwaje?" Fundi akauangalia mtungi wake utadhani ndiyo mara ya kwanza wanakutana. "R134a, Mwalimu. Lakini gesi ni gesi."

"Gesi ni gesi?" Mwalimu alishusha miwani. "R600a ni isobyuteni. Ni ndugu wa damu wa gesi iliyomo kwenye mtungi wa jikoni wa huyu mama. Inawaka. Wewe unataka kutoboa bomba lake na moto mkononi, ndani ya jiko la watu?"

Muuza mkaa akakumbuka kaacha duka wazi. Kijana wa juu akasogea mlangoni. Watoto waliokuwa mbele wakavutwa masikio kwenda nyuma. Aliyebaki karibu na mashine ni mimi peke yangu, si kwa ushujaa, bali fundi alikuwa amekalia stuli yenye shati langu.

Fundi akajitetea kwamba kama si gesi basi ni umeme, na hapo, lazima niseme, alitoa kwenye salfeti kipimo cha kwake mwenyewe. Akachomeka. Kikasoma mia na themanini na ushee, kinapanda, kinashuka. Nyuma ya mashine imeandikwa volti 230. Jioni ile mtaa mzima umewasha feni, pasi, runinga za taarifa ya habari, na mafriza ya watu fulani (sikumtazama mtu). Kompresa ikipata umeme pungufu hivyo inajikokota tu, barafu itoke wapi? Nikaona afadhali, tumefika kwenye ukweli. "Sasa dawa yake, fundi?" "Stebilaiza." "Bei gani?" Akataja. Mke wangu alicheka kile kicheko ambacho baada yake hupikiwi chakula.

Mwalimu akasema hapana, msikimbilie kununua. Akaomba kalamu, akageuza kadi moja ya mchango wa harusi, akaandika. Ukitaka kugandisha kilo moja ya maji yenye nyuzi 30, kuyashusha tu mpaka sifuri ni kilojuli 126. Kisha kuyatoa kwenye maji ya sifuri kuwa barafu ya sifuri, kilojuli 334. "Kwa hiyo zaidi ya robo ya kazi ya mashine yenu ni kupoza tu yale maji ya paani. Mnaionea." Tukatikisa vichwa. Fundi akatikisa zaidi ya wote. Nikasema haya, angalau kaja msomi.

Msomi akaendelea. "Kwa hiyo," akasema, "chemsheni maji muweke ya moto."

Kimya.

"Mwalimu," fundi akasema taratibu, na kwa mara ya kwanza nilimpenda, "si umesema tunaionea?"

"Nimesema. Lakini hujamsikia Mpemba?"

Hapo ikabidi tukae. Mwalimu akisema Mpemba hawezi kukatishwa. Mwaka 1963, Sekondari ya Magamba kule Lushoto, kijana Erasto Mpemba yuko kidato cha tatu, wanatengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi inakwisha, mwenzake kaweka maziwa bila kuchemsha kabisa, Mpemba akaona isiwe tabu, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Waliporudi, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa umechanganyikiwa. Akaenda shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu wa huko akasema hiyo ni "fizikia ya Mpemba," darasa zima likawa linamcheka. Akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dokta Denis Osborne, kijana akanyanyua mkono akauliza lilelile. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

"Kijana wa Kitanzania!" Mwalimu akapiga meza, kikapu kikaruka, na vile vipande viwili vilivyokuwemo vikaingia chini ya kabati. Mavuno yote ya jioni.

"Kwa hiyo ya moto yanaganda haraka?" akauliza mke wangu, mkono kwenye birika.

"Wakati mwingine," Mwalimu akasema.

"Wakati gani?"

"Hapo ndipo wanasayansi wanabishana mpaka leo."

"Sasa Mwalimu, sisi tuweke ya moto au ya baridi?"

"Mama, mimi nakupa fizikia. Uamuzi ni wa nyumba."

Fundi akasema pampu ni ya plastiki, ukitia maji ya kuchemka inajikunja. Mwalimu akasema Mpemba naye aliambiwa hawezi. Fundi akasema Mpemba alikuwa na friji ya shule, si mali ya mtu. Mwalimu akauliza fundi alipata ngapi fizikia. Fundi akasema Mwalimu ndiye aliyemfundisha. Nyumba nzima ikatazama chini.

Walibishana mpaka magharibi inaadhiniwa, mashine yangu iko wazi matumbo nje, inzi wanaikagua. Mwisho fundi akarudisha kifuniko, akabakisha skrubu moja ("hiyo ya ziada, mzee, huwa wanaweka"), akadai hela ya kukagua, nauli, na maji ya kunywa. Ya baridi! Ana ujasiri. Bisibisi yangu sijaiona tangu siku hiyo. Nikimpigia anasema yuko saiti.

Sasa hivi utaratibu ni huu. Mashine inafanya kazi vizuri sana saa tisa usiku. Umeme umepanda, paa limepoa, maji yamepoa, inadondosha vipande vinene vyeupe, krap, krap, krap, mpaka unasema kweli hawa watu wana akili. Lakini nani ananywa juisi saa tisa usiku? Na ukiviacha kwenye kikapu mpaka asubuhi vimesharudi tangini kuanza maisha upya. Kwa hiyo naamka mimi. Baba mzima, mwenye vyeo viwili msikitini, naamka kukusanya barafu kwa kijiko kwenye giza nisiwashe taa nikamwamsha mtoto, naipeleka kwenye friji ya chumbani, ambayo kale kachumba kake ka juu kamejaa dagaa wa mke wangu na vibua vya tangu sikukuu. Asubuhi barafu ipo, nashukuru, ila ukiitia kwenye juisi ya ukwaju unakunywa mchuzi. Mgeni mmoja leo kaniuliza kama tunaweka tangawizi. Nikamwambia ndiyo.

Na mchana, kukitokea dharura ya wageni, tumegundua njia inayofanya kazi bila wasiwasi. Mashine inataka maji ya baridi, si ndiyo? Mwalimu mwenyewe kasema robo ya kazi imo humo. Basi mtoto anapewa bakuli, anapita nyuma, anakwenda kwa yule mama, ananunua barafu mbili za kifuko, tunaziweka kwenye maji ya paani, maji yanapoa, tunayatia kwenye mashine ya barafu, ili itutengenezee barafu. Inatoa, tena upesi. Juzi mke wangu alisimama akatazama kile kibakuli, akatazama jagi, akaniuliza kwa nini zile barafu mbili tusizitie kwenye jagi moja kwa moja. Nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi.

Yule mama wala hanisemi. Ananiuliza tu kupitia kwa mtoto: "Mwambie baba, mashine haijambo?" Na chenji harudishi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko umeme. Unampa elfu moja ya barafu ya mia nne, anakupa mia tano na pipi mbili. Nani alikaa kikao akaamua pipi ni hela? Mbona mimi nikienda kulipia na pipi sipokelewi? Nilijaribu. Nilimpelekea pipi zake mwenyewe, zile zile, akazigeuza geuza akasema hizi zimeshalainika, baba, hauziki tena mzigo huu. Duka la pili chenji yao ni kiberiti. Nina viberiti vya kuchoma Tabata yote. Na konda wa leo asubuhi naye kaniambia chenji yangu ipo, mzee, tulia, namtafuta mwenye elfu mbili. Nimetulia. Nimetulia mpaka Buguruni Sheli, nikashuka, gari limeondoka, anapunga mkono mlangoni, anacheka, na mia nne yangu.